Chuma cha Bi Mwanakheri

Hapo zamani, ndani ya utumbo wa binadamu mmoja, aliishi bakteria aitwaye Bi Mwanakheri. Nyumba yake ilikuwa na kuta mbili, na katikati uchochoro mwembamba. Alitamani mno kuzaa. Bakteria huzaa kwa kujigawa, lakini bila chuma hagawiki mtu, na binadamu yule, bahili wa kutupwa, alikuwa amekificha chuma chake chote. Bi Mwanakheri akatangaza: "Atakayenipatia chuma, mtoto wangu atabeba jina lake!"

Mtumishi wake Kidawa akatoka nje mikono mitupu. Akapekua, akakichomoa chuma mafichoni, akakikumbatia, akarudi nacho hadi ukuta wa nje.

Langoni alikaa Makame, mlinzi mwenye kitambi kilichoziba mlango mzima. Akamkagua Kidawa, akamtambua, akamshika barabara. Kumpisha sasa, hakuweza. Kitambi hakikusogea.

Ndipo Vuai, mkazi wa uchochoroni, akakanyaga ukuta wa ndani zinakotoka nguvu zote za nyumba, akanyoosha mkono, akamkamata Makame mshipi. Akavuta, akavuta, mgongo ukalia kwaa! Kitambi kikasogea, Kidawa akapenya.

Kufika ndani, chuma hakikubali kumwachia Kidawa. "Nivunjeni," akasema. "Lakini jina ni langu. Ninyi nyote mlikuwa nyumbani." Wakamvunja. Chuma kikatoka, na Bi Mwanakheri akaanza kujigawa.

Makame akajifuta jasho ambalo hakulitoa. "Kidawa wa watu, Mungu amrehemu. Ila marehemu hana haja ya sifa. Nisingemshika mimi, chuma kingeliwa na bakteria majirani. Mtoto ni Makame!" Nyumba nzima ikampigia makofi, kwa kuwa langoni ndiko kila mtu alikokuwa akitazama.

Vuai roho ilimuuma. "Kaka Makame, nani aliyekuvuta?"

"Wewe? Umenichania mshipi tu!"

"Bila mimi Kidawa angekufa kifuani mwako, na chuma chake mkononi! Mgongo wangu umekwisha, na hapa hakuna hata anayenijua!"

"Na nguvu ulizovutia," Makame akamjibu, "si za ukuta wa Bibi?"

Bi Mwanakheri, kiuno kimeshabana karibu kukatika, akapiga ukelele: "Jamani, mtoto anatoka hana jina!"

Haya, mlioketi hapa, msinitazame mimi. Aitwe Kidawa, aitwe Makame, au aitwe Vuai? Je, nani alistahili?