Jua la Dirishani

Jua la dirishani halina kiti. Methali hii, vijana wangu, ilianza hivi, kule Irindi, katika kanisa la Mtakatifu Luka, lile la mawe lenye mnara wa kengele.

Wamishonari waliolijenga waliweka dirisha la vioo vya rangi juu ya madhabahu. Jumapili asubuhi jua lilipenya humo, likaangukia benchi la tatu la wanawake, alipoketi bibi mmoja, Mghoi. Kitambaa chake cheupe kikawa chekundu, mara buluu. Watu wakasema huyo, Mungu kamtia alama, wakaanza kumpelekea watoto wagonjwa awaombee.

Wakesho, aliyebeba naye mawe ya kanisa hilo wakiwa wasichana, aliyameza hayo kama shubiri. Siku moja mke wa mwanawe akampita mlangoni na mtoto mwenye homa, akaenda kwa Mghoi. Wakesho akasema moyoni, hana lolote yule, ni benchi tu.

Tangu hapo akawa anawahi kabla ya kengele, anaketi pale. Mghoi akimkuta, huenda zake upande wa pili, karibu na birika la ubatizo, penye kivuli na unyevu wa ukuta.

Wakesho aling'aa Jumapili kadhaa. Kisha kipupwe kikaingia, na jua, kama desturi yake, likabadili njia. Benchi la tatu likafifia. Rangi zote zikahamia penye birika, zikamkuta Mghoi.

Ibada ilipokwisha, Wakesho alimfuata.

"Umelivutaje?"

"Jua, mwenzangu? Mimi hata kamba ya kengele inanishinda."

"Usinicheke. Umenichukulia hata mjukuu."

Mghoi akamtazama. "Mjukuu wako kaletwa kwangu tena alfajiri, homa imemrudia. Nikamwambia mama yake, nyanya yupo, mpeleke kwake kwanza."

"Hakuja."

"Alikuja. Akakuta umefunga mlango. Ulikwisha kuja kushika benchi."

Wakesho akageuka. Kule nyuma chini ya mnara, pasipo dirisha, mke wa mwanawe alikuwa ameketi, mtoto kifuani. Wakesho akaenda, akapiga magoti gizani, akamwombea mpaka mzee wa kanisa akaja na funguo.

Basi mkimwona mtu anapigania mahali pa mwenzake, huku pake pamefungwa na watu wake wanabisha hodi, mwambieni taratibu: jua la dirishani halina kiti.