Kiti Kimoja cha Klabu ya Santuri

Sogeeni karibu niwape kisa cha zamani, mkiamue wenyewe.

Enzi hizo, katika chuo kikuu kikongwe kilichojengwa juu ya kilima, palikuwa na Klabu ya Santuri. Viti vyake vilikuwa vichache, na hakuna aliyeingia mpaka mwanachama mmoja ahitimu. Kila Jumamosi jioni wanachama walivaa suti, wakafungulia gramafoni, wakacheza dansi. Sisi wengine tulisikiliza kutoka nje, kwenye majani, na raha ya jioni zile sijaipata tena.

Hapo majanini hawakukosa marafiki watatu. Mmoja, jina lake Sikudhani, alikuwa na masikio ya ajabu: sindano ikigusa santuri tu, alikwishaujua wimbo. Mbonea, mtoto wa Upareni, alipanda na kushuka majabali kama ngazi za nyumbani kwao. Ruhinda alijaliwa ulimi; aliyenuna akikaa naye aliondoka anacheka. Wote walikitamani kiti, na mwaka ule kimoja kilikuwa wazi.

Klabu ikaandaa matembezi ya kwenda kwenye maporomoko ya maji, ikawaalika watatu hao ili iwatazame. Huko ukungu ukashuka ghafla. Ulipopungua, mwenyekiti, Mzengo, hakuwapo. Walimwita hadi sauti zikakauka.

Sikudhani akawanyamazisha, akafumba macho. "Yuko chini, upande wa kushoto," akasema. "Anagumia." Wenzake walisikia ngurumo ya maji tu.

Walipochungulia walimwona Mzengo katikati ya genge la mwamba, mguu umevunjika, ameng'ang'ania mzizi. Mbonea alijifunga kamba, akateremka kwenye mawe yenye utelezi, akamfikia na kumfunga yeye pia. Lakini Mzengo, kwa hofu, hakuuachia mzizi. Mbonea alimsihi, akamvuta, wapi.

Ruhinda akalala kifudifudi ukingoni. "Mwenyekiti," akamwita, "Jumamosi iliyopita kwenye dansi ulimkanyaga Bi Tunu miguu yote miwili. Ukibaki huko, nani atakwenda kumwomba radhi?"

Mzengo alicheka huku analia, vidole vikalegea. Wakavutwa wote wawili. Walikuwa bado wanahema pale juu, mzizi ukang'oka na kuzama majini.

Klabu ilipokutana, wanachama walibishana nani apewe kiti, wasielewane. Watatu wakaitwa wajieleze.

"Bila masikio yangu mngerudi chuoni mnalia," akasema Sikudhani.

Mbonea alionyesha viganja vilivyochubuka. "Na bila hivi?"

"Kamba ilikuwa imeshafika," akasema Ruhinda kwa upole. "Mbona hakutoka mpaka niliposema naye?"

Jumamosi iliyofuata, kwa mara ya kwanza, marafiki wale walikaa majanini kila mtu kivyake. Mzengo alitoka kwa magongo, akasimama mlangoni, akawatazama mmoja mmoja.

"Nyote mmenipa uhai," akasema. "Na kiti ni kimoja."

Mimi naishia hapo. Je, ungekuwa wewe umesimama mlangoni pale, ungeita jina la nani?