Kibuyu cha Kanze

Hapo zamani, na msiniulize mwaka gani, kulikuwa na kijiji huko nyika ambako mvua ilikata mguu. Leo mnasema ukame. Wao waliita ukavu tu, na hakuna aliyetaka jina refu zaidi, maana mate ya kulitamkia yalikuwa yamekwisha. Wanaume waliondoka na ng'ombe waliosalia kutafuta malisho, wakapotelea huko. Kijijini wakabaki wanawake, watoto, vikongwe, na Chengo mchimba visima.

Kisima kilikuwa kimoja, shimo refu kwenye mchanga wa mto uliokauka. Chengo alishuka kwa kamba, akakwangua maji kwa kata, kidogo kidogo. Juu kulikuwa na foleni, lakini si ya watu. Watu wangekufa kwa jua! Ilikuwa foleni ya vibuyu. Kibuyu chako kikisimama mstarini, umesimama wewe, na ole wake atakayekisogeza. Sheria zilikuwa mbili. Mwenye kibuyu akifa, kibuyu chake kinapinduliwa, wa nyuma anasogea. Na kisima kikikauka, maji ya mwisho ni ujira wa mchimbaji, apate nguvu ya kuchimba kingine.

Basi, palikuwa na mwanamke jina lake Mbodze, akiishi na mavyaa wake, Kanze, mama wa mumewe, na binti yake mdogo, Sidi. Kila Mbodze alipomletea mavyaa maji, yule bibi aliisukuma kata kando.

"Mpe mjukuu wangu. Mimi nimeshakunywa vya kutosha hapa duniani."

Siku moja akamshika Mbodze mkono. "Mwanangu, kufa na kiu nimekubali. Lakini usinizike na vumbi hili mwilini. Nioshe. Niapie."

Mbodze akaapa.

Asubuhi moja akamkuta amekufa. Na Mbodze hakupiga yowe. Msimhukumu upesi! Alimpenda yule mama kuliko aliyemzaa, lakini alijua: akilia tu, kibuyu kinapinduliwa. Akamfunika kwa mkeka, akamfunga Sidi mgongoni, akaenda kisimani. Kibuyu cha Kanze ndicho kilichokuwa mbele.

"Mama kaamkaje?" akauliza Dama, mwenye kibuyu kilichofuata, kichanga chake kifuani.

"Amelala," akajibu Mbodze.

Kibuyu kikashushwa kwa kamba, kikapanda kimejaa. Nyuma yake akapanda Chengo mwenyewe, midomo imepasuka, akaketi puu.

"Kimekwisha," akasema. "Chini ni jiwe tupu."

Kabla mtu hajafungua kinywa, yowe likatoka kijijini. Jirani alikuwa ameingia kumjulia hali Kanze. Macho yote yakamgeukia Mbodze. Aibu ikamvaa mwili mzima, lakini kibuyu hakukiachia.

Dama akamrukia. "Umenidanganya mchana kweupe! Tangu lini maiti akapanga foleni? Kibuyu hicho kilipaswa kupinduliwa alfajiri, na maji haya yangekuwa kwenye changu. Mtazame mwanangu. Titi limekauka, hata kulia hawezi tena. Maiti hana kiu, Mbodze!"

"Kwani mimi ni kamba?" akafoka Chengo. "Maji ya mwisho ni yangu. Nimewachotea nyote, mimi sikulamba hata tone. Nikinywa, kesho nachimba kule bondeni. Nisipokunywa, nani atachimba? Huyo mtoto wako, Dama, atapona leo, kesho kutwa atamfuata Kanze."

Mbodze alitaka kulia, machozi yakagoma.

"Nimesema uongo, sikatai. Lakini maji haya ndiyo yale aliyoyakataa. Kila funda alilosukuma kando lilimwingia mwanangu. Ametufia sisi, jamani, nasi tushindwe hata kumpangusa vumbi? Nilimwapia!"

Palepale Sidi, kule mgongoni, akasikia maji yakicheza ndani ya kibuyu. Akanyoosha mkono juu ya bega la mamake.

"Mama, nipe."

Mbodze akaganda. Katika maneno yote yale, hata yeye mwenyewe hakuwa amemwombea mwanawe.

Na wewe hapo unayetaka kusema wagawane, nyamaza kwanza. Kilikuwa kibuyu kidogo cha kikongwe. Kigawe, na maiti hataoshwa, mchimbaji hatainuka, na watoto wale wawili watalowesha ulimi tu. Mbodze alilijua hilo. Alisimama juani, mkono mmoja umeshika kizibo, huku Dama akimtazama, Chengo akimtazama, Sidi akilia, na kule nyumbani mavyaa wake akingoja chini ya mkeka.

Haya, semeni, nyinyi mlionawa na kumwaga kabla ya kuja kuketi hapa. Je, maji yale alistahili nani?