Sauti Iliyomkauka Kyomuhangi

Wahenga waliposema mgeni njoo mwenyeji apone, hawakutaja ni ugonjwa gani. Kuna wanaougua homa na kuna wanaougua njaa. Nyiransengimana aliugua ukimya.

Mama huyu, mzaliwa wa milima ya Kivu Kusini, alisifika kote katika kambi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda, kwa kutamba hadithi. Lakini mwaka uliotangulia, binti yake Uwitonze na wajukuu walipata safari ya kuhamia Kanada, na jina lake yeye halikuwemo kwenye orodha. Tangu gari lililowachukua lipotelee vumbini kwenye barabara iendayo Mbarara, kinywa chake kilifungwa kama mlango wa nyumba iliyohamwa. Aliteka maji, alipalilia maharage, aliitikia salamu. Zaidi ya hapo, kimya.

Kila kiangazi, mavuno yakiisha na baridi ya asubuhi ikikata kama wembe, majirani walikutana Jumamosi katika kanisa la matofali ya udongo kwa hadithi, mashairi na ngoma. Mwandaaji alikuwa Natanaeli, fundi wa baiskeli. Mwaka huu watu walipungua mno, hata wazee wa kanisa wakamwonya: Jumamosi ijayo jengo lisipojaa, litageuzwa ghala la mahindi. Natanaeli hakukata tamaa. Alimwalika Kyomuhangi, malenga kijana kutoka Nyamitanga, ng'ambo ya mto Rwizi, ambaye mashairi yake yalisikika redioni.

Mgeni alifika Ijumaa alasiri, naye Natanaeli akamwongoza hadi kwa Nyiransengimana.

"Mama, unisamehe," alisema. "Kwangu hakuna fasi, batoto beko mingi. Hapa kuna kitanda cha Uwitonze."

Kitanda kile mama alikuwa hajaruhusu mtu akiguse. Alifumbua kinywa akatae, akamwona msichana anavyokohoa, macho mekundu kwa vumbi la safari. Akasogea kando ya mlango. "Ingia, mwanangu."

"Webare, kaaka," msichana akashukuru kwa Kinyankore.

Kaaka! Yaani bibi. Ni siku nyingi hakuna aliyemwita hivyo. Mama aligeuka haraka, akajifanya anatafuta kuni.

Alimchemshia maziwa yenye tangawizi, wakaketi karibu na mafiga. Kila Kyomuhangi alipojaribu kusema, sauti ilikwaruza kama mlango wenye kutu.

"Kaaka, mimi naogopa. Watu watakuja, na sauti ikikataa?"

"Kunywa kwanza. Usiseme sana."

"Basi wewe ndiyo useme. Mimi nasikiliza tu."

Mama alichochea moto. Akachochea tena ingawa ulikuwa ukiwaka vizuri. Hatimaye, kwa sauti ndogo kama ya mtu anayejaribu daraja kwa mguu mmoja, akaanza: "Kulikuwa na ng'ombe mmoja, jina lake Bihogo…" Alitamba mpaka maziwa yakapoa, na machozi yalipomtoka, msichana alimshika mkono.

Asubuhi Kyomuhangi aliamka bubu. Sauti ilikuwa imemkauka kabisa. Natanaeli alijishika kichwa kwa mikono miwili, maana watu walikuwa wakimiminika: Wakongo, Warundi, hata wakulima kutoka Rugaaga waliosikia kwamba malenga wa redioni atakuwepo. Waliokosa mabenchi walikaa chini.

Kyomuhangi alimshika Nyiransengimana mkono, akamvuta hadi mbele ya umati.

"Mwanangu, mimi siwezi," mama alinong'ona.

Msichana akamwinamia sikioni, maneno yakimtoka kwa pumzi tu. "Kaaka, ile ya Bihogo. Niazime sauti yako."

Mama akavuta pumzi, akaanza. Alisimulia jinsi ndama wa Bihogo alivyovushwa mto, mafuriko yakazoa daraja, Bihogo akabaki ukingoni akilia usiku na mchana. Kiwele kilijaa maziwa, kikamuuma kama jipu. Ndipo akatokea ndama yatima asiyejulikana alikotoka. Bihogo alimpiga teke; ndama akarudi. Akampiga tena, akarudi. Mwishowe Bihogo akachoka, akasimama tuli, ndama akanyonya.

"Mulifikiri ni ndama aliyepona njaa?" mama akauliza, sauti yake sasa ikijaa kanisa lote. "Alipona. Lakini ni Bihogo aliyelala usingizi siku ile, kwa maana kiwele kiliacha kumuuma."

Ancilla, Mrundi ambaye mwanawe naye alikwenda mbali, alianza kupiga vigelegele huku akilia, na kanisa zima likaitikia. Mzee mmoja wa kanisa alipangusa macho kwa kofia yake. Habari za mahindi hazikuzungumzwa tena.

Jumapili Kyomuhangi aliondoka, sauti ikiwa imerudi nusu.

"Utarudi?" mama aliuliza.

"Nitarudi, kaaka. Lakini wewe kwanza utakuja Nyamitanga. Mama yangu atakupikia."

Jioni ile Uwitonze alipiga simu kutoka Kanada, akitarajia kusikia "niko salama" na kukata kama kawaida. Badala yake mama yake alimwambia, "Weka batoto karibu na simu. Niko na hadithi." Wajukuu walisikiliza mpaka mwisho, wakaomba nyingine, akawapa. Alipozima simu, alikwenda kutandika shuka safi kwenye kile kitanda. Kweli, mgeni njoo, mwenyeji apone.