Zawadi ya Binti Mbaruku

Jumanne tarehe nne Machi, saa nne asubuhi, mambo yaligeuka kwenye yadi ya magari ya Mbaruku, pale Tanga. Bi Hadia, mjane, alikuja kununua gari jeupe mbele ya wateja watatu waliotaka ya aina ileile.

"Halina kasoro, bwana?"

"Wallahi, bibie, ni zima kama kigongo."

"Basi andika jina la mwenyewe: Saumu binti Mbaruku."

"Huyo si mwanangu?"

"Ndiye. Kuna kijana anataka kumposa, kanituma nimchagulie zawadi."

Mbaruku akaunyakua ufunguo. "Hili hapana! Kiwanda kilitaka yote ya aina hii yarudishwe, yabadilishwe mfuko wa hewa wa usukani. Haya hayajatengenezwa. Ukigonga, vyuma vinamrukia dereva shingoni!"

Wateja watatu wakarudisha pesa zao mfukoni.

"Na kijana mwenyewe ni nani?" Mbaruku akauliza.

"Simjui bado, bwana. Mungu atamleta."

Bi Hadia akapitia makaburini, akaketi kando ya mumewe, aliyenunua gari lake la aina ileile kwenye yadi hiyohiyo.

"Ewe Mola, mrehemu Shekue, umpanulie kaburi lake. Yeye hakuambiwa."