Kipande cha Kuagia

Bi Msim alikuwa na mbegu ya matikiti ya nyama ya manjano, aliyoachiwa na bibi yake, na kijiji kizima hakuna mwingine aliyekuwa nayo. Mwenye ardhi, Bwana Khelef, aliitaka iwe yake peke yake. Matikiti yalipoiva tu, akaja kumfukuza.

"Toka, na mbegu hata moja isitoke nawe!"

Mkewe akampekua Bi Msim kifurushi, pindo za kanga, hata nywele.

"Bwana, niruhusu nile kipande kimoja cha kuagia," Bi Msim akaomba.

"Kula, lakini mbegu uzitemee humu bakulini."

"Nitatema, bwana. Nina mdomo gani wa kukubishia?"

Akala taratibu, mbegu zikilia bakulini, ta, ta, ta. Kisha akainuka, machozi yakimlengalenga.

"Huagi?" Bwana Khelef akamcheka. "Leo maneno yamekuisha!"

Bi Msim akatikisa kichwa tu, akashika njia hadi kwa dada yake, ng'ambo ya mto. Habari ilikwishatangulia.

"Pole, ndugu yangu! Mbegu ya bibi ndiyo imekwenda. Nawe ulimjibu nini huyo bwana?"

Bi Msim akatema kiganjani mbegu tisa nyeusi.

"Ningemjibuje," akasema, "na kinywa kimejaa wageni?"