Magome ya Kindi

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa wakipika na kufua kama sisi, aliyetaka kumjulia mwenzake hali alikwenda kwa miguu yake. Unapiga hodi, unakaribishwa, unakula, ndipo unaulizwa habari za utokako.

Siku moja Kindi alimkuta Tembo akifunga mzigo.

"Shikamoo, kaka Tembo! Safari ya wapi?"

"Marahaba. Nakwenda ng'ambo ya mto kumwona mama. Anakohoa."

"Siku nne njiani! Na shamba je? Nipe mimi maneno nimpelekee, kaka."

Kindi akapita juu ya miti, pruu! Alirudi na majibu yote ya mama, akayasema kwa sauti ya mama, na kukohoa akakohoa. Tembo alifurahi, akampa kikapu cha karanga. Mzigo akaufungua.

Baadaye Kindi akachoka hata kusema. "Siku hizi watu wanaandikiana, kaka!" Akachukua gome la mti, akalikwaruza kwa meno, kwaru kwaru! Mstari mmoja, salama. Miwili, naumwa. Mitatu, njoo. Wote wakajifunza, na mama pia.

Magome hayakohoi, wanangu. Lakini Tembo aliyapenda, akayapanga ukutani.

Siku ikafika, Mama Tembo akachora mistari mitatu.

"Mpe mwanangu mkononi, mjukuu wangu. Miguu imeniisha nguvu."

"Usijali, bibi!"

Njiani Kindi akawaza: Tembo akienda mwenyewe, karanga nitapewa na nani? Akalitupa gome mtoni, chubwi! Akachora lingine la mstari mmoja.

"Mama mzima?" Tembo akauliza.

"Si unaona mwenyewe, kaka?"

Naumia kulisimulia hili, lakini ndivyo alivyosema, na karanga akala.

Magome yakaendelea kuja, yote ya mstari mmoja. Hata wakati wa mavuno Nyati akafika kutoka ng'ambo. Akakaribishwa, akala, akanawa, akainamisha kichwa.

"Pole, ndugu yangu. Hatukukuona msibani."

"Msiba wa nani?"

"Wa mama! Tulimzika wakati wa palizi."

"Acha, Nyati! Jana tu kaniandikia!" Tembo akamwonyesha gome.

Nyati akalitazama, asiliguse. "Mpaka mwisho alikuwa akituuliza, 'Gome langu limefika?'"

Tembo akaketi chini, tih! Kindi, aliyekuwa mlangoni na kikapu chake, akaruka mtini.

"Shuka, sikupigi," Tembo alisema. "Niambie tu. Mama alisemaje?"

Kindi akashuka tawi moja.

"Alisema uende, kaka."

Tembo akalia kwa sauti, mchana kutwa, na wala hakumfukuza mtu.

Nanyi wanangu, msiridhike na salamu za mzazi mlizoletewa. Nendeni mkamwone angali hai.